Nyembe za Wasio na Ndevu

Mnaniuliza lilianza lini.
Mnataka niseme: siku ya jiwe la kwanza,
au usiku ule moto ulipowaka kilimani
na kilima cha pili kikajibu, kisha cha tatu.
Mimi nilikuwa karani. Mkononi nilikuwa na wino, si jiwe,
nami nasema lilianza kwa wembe.

Liwali aliingia Wayllapampa na nyumbu kumi na wanane,
akafungua masanduku mbele ya kanisa:
soksi za hariri kwa miguu iliyozoea barafu,
miwani kwa wachungaji
wanaohesabu lama wao kutoka ng'ambo ya bonde,
na nyembe, kasha zima la nyembe,
kwa wanaume ambao Mungu hakuwaotesha ndevu.
"Si zawadi," alisema. "Mmekwisha kununua."
Nikaandika. Ilario Kutipa, wembe mmoja, peso nne.
Faustino Llanki, wembe mmoja, peso nne.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hiyo.

Hamtaamini: tulicheka.
Ilario alimpaka lama wake povu la sabuni,
akamnyoa kidevu taratibu, kwa adabu zote,
akimwita Mheshimiwa.
Hata wazee walishika mbavu.
Msidharau kicheko.
Uliyemcheka jana,
leo ukimwinamia, shingo inakuwa nzito.

Mwaka ulipopinduka, deni likamwita Ilario mgodini.
Tulimsindikiza kwa ngoma ya msiba, kama desturi,
maana aendaye kwenye fedha huliliwa akiwa hai.
Alirudi na zebaki kwenye fizi,
mikono ikimtetemeka, hawezi kushika kijiko,
sembuse wembe.
Tulimzika kabla viazi havijachimbwa.
"Mdeni hufa," alisema Liwali, "deni halizikwi."
Akaniashiria. Nikafuta Ilario, nikaandika Melchora.

Wakati huo bado tulimpenda Mfalme.
Tulisema: yuko mbali, hajui, akijua atalia.
Nikamwandikia barua kumi na moja kwa niaba ya kijiji,
ya mwisho nikiwa nimepiga magoti.
Iliturudia baada ya miaka miwili,
lakiri yake nzima, haijaguswa,
na nauli ya kwenda na kurudi
imeongezwa kwenye deni letu.

Hakuna aliyepiga kelele.
Faustino aliigeuzageuza ile barua, akanuka karatasi,
akasema, "Kumbe anajua,"
akaenda kufunga mbuzi wake.

Asubuhi Melchora Warachi akaja mezani kwangu.
Hakujua kusoma. Alikuwa na kigwe cha sufu,
kifundo kimoja kwa kila peso aliyolipa yeye na marehemu.
Akakilaza juu ya daftari langu.
"Hesabu."
Nikahesabu kwa kidole. Thelathini na moja.
Daftari lilisema: zimebaki nne.
"Basi," akasema, "kimoja kati ya hivi viwili ni kiongo,
na hiki nimekisokota mwenyewe."
Kesho yake walikuja wanawake arobaini,
kila mmoja na kigwe chake.
Meza haikutosha.

Moto wa vilimani ulikuja baadaye, na mawe,
na yote mnayotaka kuyasikia.
Ila kumbukeni hili: kamba za nyumbu wa Liwali
zilikatwa usiku mmoja, zote, bila sauti,
kwa nyembe tulizolazimishwa kununua.
Zilikuwa hazijatumika hata mara moja. Zilikuwa kali sana.

Melchora aliuweka wa kwake juu ya daftari.
Hakuniuliza niko upande gani.
Alingoja tu.
Nami, mwana wa baba aliyekuja na meli yao,
mtu pekee pale kijijini mwenye kidevu cha kunyoa,
nilikata kurasa moja moja, kuanzia jina la Ilario.

Sitasema tulishinda. Mmeona wenyewe miti ya uwanjani
na kilichoning'inia.
Wembe ninao, umeshika kutu.
Na ndevu hizi mnazonishangaa,
sijazigusa tangu siku ile.