Sehemu ya Pili

Jumba namba sita, Michenzani, ghorofa ya nne.
Tumepanda kwa vituo:
Ussi na goti lake, Mcha na pumu yake,
mimi na sahani ya visheti chini ya buibui.
Kazija katufungulia. "Karibuni chomboni."
Miaka arubaini na minane
na mlango bado anaufungua vile,
kiganja kinateleza hewani, shhhh,
na mlango wenyewe wa bawaba.

Mjukuu wake kaileta kwenye flashi, kidude kama ukucha:
Zuhali, yote, tangu mwanzo.
Ile ya tele ya umma,
iliyokaa kabatini, kufuli mbili,
ufunguo kwa mwenyekiti wa tawi.
Siye watoto mkekani mbele, shingo juu.
Nyuma yetu kasimama Shaame wa ghala la karafuu,
Kiingereza mtaa mzima anacho yeye,
anatufasiria.

"Ya pili," kasema Mcha, "ndiyo yenye mama."
Ndiyo. Nani asiyeijua?
Nahodha alimwacha mamake kwenye foleni ya mchele,
huko kwao, sayari ya vumbi.
Kamwambia, nishikie nafasi, narudi sasa hivi,
akapanda mbinguni.
Sasa yuko gizani, mbali, mitambo inamfia,
mara sauti inamjia kutoka ukutani:
*Mwanangu, nafasi yako bado nimeishika.*

Nililia, miaka tisa miye.
Baba alinipiga kofi: unalilia Wazungu wa kioo?

Basi tukatazama.
Chombo kikapita, uzi wake unaonekana.
Jitu likatoka shimoni, mgongoni lina zipu.
Ussi kacheka mpaka goti likamuuma.
Akaja nahodha, kijana mno, angekuwa mwanangu,
akafungua mdomo.

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja.
Nilingoja.
Wanazungumza pampu.
Nusu saa nzima, pampu. Nani aliilegeza, nani aikaze.
Na ile sauti ya ukutani
ni mashine inahesabu presha:
sabini na mbili,
sabini na moja,
sabini.

"Umeweka siyo," kasema Mcha.
Mjukuu akaangalia. Ndiyo yenyewe.
"Labda wameikata."
"Wakate mama mzima?"
Visheti vimekaa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Kazija ndiye aliyesema, polepole,
kama mtu anayetoa mwiba:
"Bi Mize, mamake Shaame.
Si alianguka foleni? Rajabu ile,
alfajiri, mbele ya duka la ushirika,
kikapu mkononi."
Na Shaame wakati ule yuko wapi?
"Kaenda kunywa chai. Kamwambia narudi."

Ussi kavua miwani, kaifuta, kaivaa.
Halafu huyo kainuka, na goti lake hilo,
kapita nyuma ya makochi, kasimama.
"Rudisha nyuma, bwana mdogo. Sauti zima."

Kijana kule kiooni akafungua mdomo, kimya,
na Ussi akaanza kufasiri.
Kaharibu mwanzo. Sayari kaisahau jina.
Mcha akamsahihisha, miye nikamsahihisha Mcha.
Ukuta ukawaka taa zake nyekundu,
sote tukajua sasa ndipo,
Ussi akavuta pumzi,
umeme ukakatika.

"Tukuza," kasema Kazija gizani. "Nilijua zimebaki mbili."

Mjukuu kashuka na simu yake kutafuta duka la yuniti.
Tumekaa.
"Alisema *nimeishika*," Mcha kasema.
"*Nimekuwekea*," kasema Ussi.
"*Nimeishika*. Ile ni kauli ya mtu aliyesimama."
"Hata aliyelala huweka."
"Ussi, wewe ulikuwa umelala mkekani, mimi nakukumbuka."
Kisheti kikalia kwenye meno ya mtu.
Chini, barabarani, kijana anauliza duka lipi liko wazi.