Panya wa Arobaini na Moja

Utrecht, asubuhi ya barafu. Wietske anavaa glavu,
anapima wekundu kwa miligramu,
anauchanganya na pumba.

Panya wa arobaini na moja anakula bila kuuliza.
Mkojo wake waridi. Hata mavi, waridi.
Wietske anaandika: "Hali njema. Uzito umeongezeka,"
na mkono unasita
kwenye hilo neno njema.

Ijumaa atapasuliwa;
ini lake litasomwa juu ya kioo
kama barua waliyoandikiwa watu wengine.

Jioni, mlangoni, Joris anamtolea mama yake ulimi:
mwekundu, wa peremende ya senti kumi.
"Nitazame!"

Anamtazama.
Anapapasa mfuko akitafuta kalamu,
kisha anakumbuka
kwamba yuko nyumbani.