Joto la Ngata

Mwalimu Anyelwisye alifunga mlango kwanza,
ukungu wa Isyonje ubaki nje na mbuzi wake,
kisha akaandika kwa chaki iliyolowa:
Nishati ni uwezo wa kufanya kazi.
Akageuka. Na kazi ni nini?

Kulima, alisema Gwakisa.
Kufua. Kukamua. Kupakia lumbesa kwenye Fuso.
Akamwita Ambokile, jitu la darasa letu:
njoo, sukuma ukuta huu.
Ambokile akasukuma mpaka mishipa ikamtoka,
mpaka jasho, na ilikuwa Juni,
mwezi ambao maji ya ndoo huvaa kioo alfajiri.
Ukuta haukwenda Mbeya wala Tukuyu.
Basi, akasema mwalimu, hajafanya kazi.
Kani mara umbali.
Umbali sifuri, kazi sifuri.
Tulicheka. Ambokile hakucheka.

Akatoa kiazi mfukoni, akakipandisha juu ya kabati.
Kimelala, akasema, lakini si maskini:
nimekilipa kimo.
Akakidokoa kwa rula.
Kikashuka ndani ya kopo tupu la rangi, ngwa!
Hayo ndiyo malipo yakitoka.
Kimo kimekuwa mwendo,
mwendo umekuwa mlio,
na kidogo msichokiona kimebaki kwenye bati, joto.
Nishati haifi. Inahama nyumba.

Nikanyoosha mkono.
Mwalimu, jana mama alisimama barabarani
na debe la viazi kichwani,
dalali akizunguka, akiguna, akibonyeza simu yake,
tangu basi la Kyela lipite
hadi lile la pili.
Hakusogea hata hatua.
Naye pia ni sifuri?

Kimya kikaingia, kikakaa dawati la mbele.
Mwalimu aliitazama sifuri yake ubaoni
kama mtu aliyeona jina la nduguye kwenye orodha ya wadaiwa.
Kwa debe, alisema polepole, ni sifuri.
Debe halikupanda, halina cha kumrudishia.
Ila ndani ya shingo ya mama yako
kuna nyuzi zinavuta na kuachia,
zinavuta na kuachia, maelfu,
na kila uzi unakula.
Uji wa asubuhi unaungulia pale.
Unahamia wapi?
Usiniulize mimi. Kamguse.

Jioni nilipiga hesabu nyuma ya daftari.
Bondeni hadi barabarani, kimo mita sitini.
Debe, kilo ishirini.
Jouli elfu kumi na mbili.
Na kiazi kimoja cha kuchemsha, alituambia,
kina zaidi ya laki tatu.
Nikarudia mara tatu, jibu likakaa palepale:
kiazi kimoja kingelipandisha debe zima,
kilirudi chini, kilipandishe tena, zaidi ya mara ishirini!
Nikaona haya kwa niaba ya hesabu,
kwa sababu mama hapandishi debe peke yake.
Anapandisha magoti yake, mgongo wake,
mdogo wangu Bupe mgongoni,
na tope la Uporoto kwenye viatu vya mpira.
Dalali hana safu ya kimo kwenye daftari lake.
Bondeni au barabarani, debe kwake ni debe.

Mama aliingia giza likianza.
Akatua debe tupu, akavua ngata,
ile kanga kuukuu iliyokwisha maandishi,
akaitupa juu ya kigoda.
Nikaiokota upesi, kabla haijasahau.
Ilikuwa na joto.
Joto dogo, kama la yai
ambalo kuku ametoka kuliacha.

Unatafuta nini kwenye ngata yangu?
Sifuri, nikasema.
Akanitazama, mvuke mwembamba ukimtoka kitambaani,
akacheka kwa pua.
Koka moto wewe.
Ngata haiivishi maharage.