Bomba Lililovaa Kanzu

Leteni maji kwanza.
Nyundo chini, mitaimbo chini.
Hata huo ufagio, Lusekelo, uache hapohapo:
ufagio mkavu humu ndani
ni mkono wa mchawi.

Mnaliona lile bomba lililovaa kanzu?
Nyeupe, imechanika kiunoni, nyuzi zinaning'inia.
Hiyo si pamba. Wala si sufi.
Ni asbesto: jiwe lililosokotwa likawa uzi,
jiwe linaloelea.
Waliyavisha mabomba ya boila ili moto usitoroke,
na kweli, moto haukutoroka.
Uliotoroka ni unga.

Haunuki, hauwashi,
hukohoi leo wala mtondo.
Unakaa kifuani kama mpangaji mpole
asiyepiga redio, asiyegombea maji,
miaka ishirini, thelathini,
halafu siku moja anabadilisha kitasa.

Najua. Nilimfulia baba.
Keko Magurumbasi, Jumamosi, karai uani,
nikizikung'uta ovaroli zake ukutani, pa! pa!
na wadogo zangu wakirukaruka ndani ya lile wingu
wakiliita theluji, neno walilolitoa kitabuni.
Baba alikufa amekaa,
maana kulala kulimnyima pumzi.
Daktari alituuliza alikuwa akivuta sigara gani.
Hakuwahi kuvuta hata moja.
Mimi hupigwa picha ya kifua kila mwaka.
Hilo tusiliongee.

Haya. Lusekelo, ndevu.
Usinicheke. Barakoa ya mpira inataka ngozi;
ndevu ni mlango ulioachwa wazi.
Wembe uko kwenye boksi, kioo ni dirisha la lori.
"Bosi Sikudhani, mchumba wangu ananijulia hizi."
Basi akujulie kuhema.

Na wewe mwenye kitambaa cha enzi ya korona:
huko ni kuzuia mbu kwa wavu wa samaki.

Joto, ndiyo. Ikifika saa nne, ndani ya suti hizi
mtachemka kama mihogo.
Ndiyo maana tumekuja Gerezani kumi na moja alfajiri,
ndiyo maana tutapokezana.
Pulizieni. Maji ya sabuni, polepole,
kama unamwagilia mchicha uliochipua jana.
Iache inywe hadi ilewe.
Ikateni ikiwa imelowa, msiivute.
Kiroba ndani ya kiroba, shingo isokotwe,
gundi, alama nyekundu.
Yule bwana wa vyuma chakavu getini
mwambieni bomba tupu atalipata wiki ijayo.
Kanzu yake hapati, hata akipandisha bei.

*

Saa tatu Lusekelo akaniita kwa mkono.
Maji yalikuwa yameamsha kitu kwenye lipu:
kiganja.
Vidole vitano vilivyozama siku ile ikiwa bado uji,
na chini yake, kwa ncha ya msumari,
*Mzuanda, J'mosi.*
Mwaka hakuandika.

Si baba. Mkono wa baba ulikuwa mpana zaidi.
Huyu alikuwa mtu mwingine, labda kijana,
akiipapasa dawa ya moto kama unga wa chapati,
kengele ikalia, akaenda kula,
sijui kama alinawa.

Lusekelo akasema ndani ya barakoa, sauti ya mtungini:
"Tukiukata pembeni? Tukauhifadhi mahali?"

Nikapima kiganja changu juu yake, hewani,
bila kugusa.
Vidole vyangu vilizidi kidogo.

Pulizia, nikamwambia.

*

Nguo zinabaki hapa. Hata soksi.
Maji yapo, boza zima nimelilipia,
ogeni kichwa kwanza, barakoa ivuliwe mwisho.
Atakayenikuta nimesahau, anikemee.

Nje, jua limeshakuwa kali.
Mama Bahati anapakua maharage.
Lusekelo anajipapasa kidevu
kama mtu aliyehamia nyumba asiyoijua.
Ana kovu pale, chini ya mdomo.
Miezi minne tumefanya kazi naye,
hakuna aliyelijua.