Pa Kukanyagia

Barua yako, Nyevu, imefika imekunjwa ndani ya kiatu.
Niseme kiatu? Mimi fundi, miaka ishirini na miwili
nakaa na sindano yangu nyuma ya soko la zamani,
nimeshona kubadhi za maharusi, njumu za wachezaji,
nimetia soli raba za walimu hadi zikasahau umbo lao,
lakini hiki, ndugu yangu, hakina soli wala kisigino.
Fremu ya mti uliopindwa, upana wa ungo, nyavu za ngozi katikati,
na gidamu mbili za kufungia mguu.

Bi Rukia wa mahamri akauliza, ni dema la kuvulia tafi?
Mwanawe akakichapa hewani, akitafuta mpira.

Unaniandikia pa kwendea. Bustani ya mtoni, wasema,
asubuhi ya Jumapili kabla mbwa hawajaichora;
ile ya kilimani, yenye misonobari, ukipanda polepole;
na ile ndogo nyuma ya hospitali unakofanya zamu ya usiku,
ambako huendi kutembea, waenda kulia kidogo, halafu warudi.
Hilo umeliandika kwa kalamu nyingine.

Aisifuye mvua imemnyea, basi nakuamini
kuhusu hiyo mvua iliyoganda: kwamba chini ya mguu hulia
kama unga wa muhogo ukifinywa ndani ya mfuko,
kwamba mtu huzama hadi nyonga asipogawa uzito wake.
Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Kugawa uzito.

Nimevijaribu, usidhani nimeviweka kabatini.
Bustani ya karibu na ofisi za serikali: ardhi ngumu,
nilikwenda kama bata aliyevaa masinia, askari akaniomba kitambulisho.
Mambrui, kwenye vilima vya mchanga: afadhali,
ila mchanga wa saa saba hupenya nyavu na kuuma,
na watoto walinifuata hadi chini wakidai niwaazime.
Kisha Jumatano, maji yakiwa yamekupwa,
nikapanda bodaboda, viatu mgongoni,
hadi pale mto Sabaki unapotapikia baharini.

Walikumbuka tope lile? Jekundu,
udongo wa watu wa bara walioamka siku moja shamba limehama.
Ndimo alimozama ng'ombe wa baba, yule Machozi.
Tulisimama ukingoni, wewe na kamba, mimi na kelele.
Kamba ilifika. Sisi hatukufika.

Nikafunga gidamu. Nikakanyaga.
Tope likavuta pumzi, likanifikiria,
likanibeba.

Hatua arobaini, Nyevu, nilizihesabu kwa sauti.
Heroe waliinua shingo, wakaona si kiboko, wakarudi kula.
Nilifika pale tulipomwona mara ya mwisho, au karibu na pale,
maana mto hauweki alama.
Hapakuwa na kitu. Kaa mmoja, na chupa ya dawa ya kikohozi.
Nikasimama nimegawa uzito wangu, kipande huku, kipande kule,
na kipande, sikufichi, kwenye bustani yako ya nyuma ya hospitali.

Kurudi, gidamu ya kushoto ikakatika.
Nilikuja nusu nikitembea, nusu nikiogelea,
na mwenye bodaboda akakataa kunipakia hadi nioge.
Nimeishona upya kwa uzi wa nailoni, ule wa mishipi, hauozi.
Ngozi ya huko ni nzuri lakini imezoea baridi;
tope la hapa lina chumvi, halina adabu na ngozi ya mgeni.

Nakurudishia cha kushoto. Cha kulia nimebaki nacho.
Usiniulize utatembeaje na kimoja bustanini.
Uliza nauli.