Mavi ya Bweha

Asubuhi, nyuma ya mashamba ya chumvi ya Gongoni,
nayavunja kwa kijiti: makavu, meupe nchani.
Shemeji Mwambire kasimama kando, kaziba pua,
upinde begani, mshale umekwishapakwa.
"Humo unatafuta nini, Dhahabu?
Mwizi anajulikana."

Vitoto vya mbuzi vitatu tangu mwezi uandame.

Natandaza juu ya jani la mkoma:
kokwa za kunazi, saba;
bawa la mbawakawa, lingali likimeta kijani;
manyoya ya panya, na jino lake;
gando la kaa;
uzi wa gunia, samawati.
Unywele wa mbuzi, hata mmoja.

Huyu nimemjua kwa nyayo kabla ya sura.
Mguu wa nyuma hukanyaga shimo la mguu wa mbele,
mstari mmoja, kama pindo lililoshonwa,
si kama mbwa wa mjini kwetu, atapanyaye miguu
kwa kuwa chakula kinamngoja sufuriani.
Akisikia mchakacho nyasini husimama,
sikio hili huku, lile kule,
kisha huruka, yote minne hewani,
akashuka kwa pua.

Jana usiku Mwambire alilia kilio cha sungura aliyeumia,
mdomo kiganjani, vizuri hata mimi nikasisimka.
Bweha akaja. Si kwa mbele.
Alizunguka, akazunguka,
mpaka upepo ukampa habari ya tumbaku yetu.
Tukaona macho tu: jozi mbili,
na ya tatu chini kidogo,
mtoto wa mwaka jana, aliyebaki kulea wadogo zake.
(Kwetu angekwishakwenda Mombasa.)

Basi tumerudi zizini, nimeinama tena.
Nyayo zipo. Zimetapanyika.
Nazifuata: mkuyati, kinu, jiwe la kufulia,
hatua thelathini, hazikufika hata njiani,
zikaishia chini ya ghala
alipolala Polisi, tumbo juu,
na uji wake wa jana umeganda, haukuguswa.

Methali yake ipo. Sikuitamka.
Mwambire ameketi juu ya kinu
muda wa kuvuta sigara moja, ila hakuvuta.
Kisha akamwita mbwa kwa jina,
na Polisi akaja akitikisa mkia,
kwa mbele, moja kwa moja,
bila kunusa upepo.