Seva ya Pili, Makambako

Ya kwanza iliungua Machi, kwa radi ya saa kumi alasiri
iliyopitia waya wa kamera namba nne, ile ya getini,
ikala diski zote mbili.
Harufu ya plastiki ikakaa ghalani wiki nzima,
ikaizidi hata ya mbolea.

Siku thelathini za picha zikaenda nayo.
Ndani yake ulikuwamo usiku mmoja
wa magunia arobaini ya mbegu za viazi,
na mlinzi mmoja, Zakeo Tweve, Mkinga wa Makete,
aliyesema tu, "Angalieni kwenye kamera."
Tukaangalia.
Kioo cheusi kikatuangalia.

Meneja akasema, asiye na shahidi hana neno.
Tweve akavua koti la kampuni, akalikunja taratibu
kama mtu anayerudisha nguo ya dukani,
akaingia kwenye ukungu kutafuta gari la kwao.
Hilo halikurekodiwa popote.
Ninalo mimi, kwa kuwa nilisimama pale na bisibisi mkononi,
nikanyamaza.

Leo ni Juni, vidole havikunji.
Nimekuja na seva ya pili kutoka Mbeya, nimeipakata njia nzima,
na nimekataa kuilaza kando ya mwenzake:
nyumba ikishika moto, kitanda kimoja huungua na wote.
Nimeipeleka ng'ambo ya reli,
kwenye stoo ya Mama Mwalongo anayekusanya maziwa,
kati ya madumu na jenereta lake.
Nondo ya shaba nimeizamisha futi sita ardhini.
Waya ni wa kioo; radi haina mlango hapo.
Kila dakika ya kumi na tano, nakala inavuka reli
bila kungoja treni ipite.

Kisha nikachomoa ya kwanza. Makusudi.
Nikahesabu. Nilipofika tisa,
taa ya kijani ikapepesa stoo kwa Mama Mwalongo.
Na kiooni, mlinzi mpya, kijana,
anapuliza viganja, anacheza peke yake kuifukuza baridi,
anafukia kiazi kwenye majivu.
Hajui kwamba amewekwa akiba mara mbili.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Nimekuwa nikiusikia msemo huu tangu utoto,
sikujua siku moja utanichoma.

Meneja akauliza, "Na ya Machi, hii itayarudisha?"
Hapana, bosi.
Ya pili huanza kukumbuka siku inapowashwa.
Alichosahau mwenzake haikijui.

Akanipa fomu ya makabidhiano.
Aina, ukubwa wa diski, tarehe.
Mahali pa jina la mashine
nikaandika kwa herufi kubwa: TWEVE.

Akatia saini bila kusoma.